Uzoefu wangu na semina ya ufundishaji kwa wahadhiri, pamoja na kikundi chetu cha Alhamisi

Watu kadhaa wamenifuata inbox wanauliza ile semina ya mbinu za kufundisha ina maana yoyote au ni posho tu, naandika hapa mara moja ili nisirudie rudie. Mimi nafundisha uchumi mwaka wa kwanza, chuo cha serikali hapa Tanzania, darasa la watu mia nne na kitu, maiki inakata kata, wa nyuma wako na simu zao. Kufundisha kwenyewe sijasomea popote. Ulimaliza digrii na GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwenda juu, ukabakishwa chuoni kama TA, yaani msaidizi wa kufundisha, ukasoma masters, ukapewa darasa, basi, na ukitoa wale wa elimu wengi wetu tumepita mlango huohuo. Sa hivi semina hizi zimekuwa nyingi kwa sababu mitaala inapitiwa upya kila kona, na huu mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu vya serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, nao umeongeza kasi.

Yetu ilikuwa ya siku tatu, hotelini Morogoro, chuo kinalipa.

Siku ya kwanza ukiweza kuikwepa ikwepe. Mgeni rasmi kachelewa, utambulisho wa kila mtu na cheo chake, chai ya saa nne tumekunywa saa tano na nusu, halafu mchana kutwa slaidi za Bloom, zile ngazi sita za malengo ya kujifunza za tangu 1956, zinasomwa moja moja na mwezeshaji katugeuzia mgongo. Yaani tunahutubiwa kwamba kuhutubia hakutoshi. Kaka mmoja wa uhandisi pembeni yangu kasahihisha bunda lake zima la test pale pale na hakuna aliyemsemesha.

Siku ya pili sasa ndo nilielewa kwa nini watu wanarudi. Mnagawanywa vikundi vidogo, kila mmoja anafundisha dakika kumi mada yake mwenyewe, wenzake ndo wanafunzi, inarekodiwa kwa simu kisha mnaangalia pamoja. Kinaitwa maikrotichingi, Stanford walianza nacho miaka ya 60, na aliyepitia ualimu anakijua fika, wageni tulikuwa sisi wa fani nyingine. Dada mmoja wa uuguzi akaja na hesabu ya dripu: lita moja iishe kwa saa nane, mrija wa dripu unatoa matone 20 kwa kila mililita, mgonjwa apate matone mangapi kwa dakika? Hakutupa fomula, katuambia tu fanyeni. Dokta wa uhasibu, tena kwa kujiamini kabisa, akatoa matone 2,500. Dada wa watu hata hakumwambia umekosa, kamwuliza tu, "Dokta, 2,500 kwa dakika moja utayahesabuje?" Kimya kidogo, mwenyewe akagundua amegawa kwa saa badala ya dakika, jibu ni kama 42, tukacheka wote akiwemo na yeye. Dakika kumi zile zilinipa kitu ambacho slaidi zote za jana yake hazikunipa, manake niliona swali moja lililopangwa vizuri linavyomfanya mtu ajisahihishe mwenyewe mbele ya watu na asiaibike.

Siku ya tatu ni nusu nusu. Kizuri kilikuwa ile njia ya Eric Mazur wa Harvard, alianza kuitumia kwenye fizikia miaka ya 90 mwanzoni: unauliza swali gumu la kuchagua, kila mtu anapiga kura kimya kimya, anabishana na jirani yake, kura tena. Vifaa vya umeme vya kupigia kura sisi hatuna, tunaonyesha namba ya jibu kwa vidole kifuani. Nikaipeleka darasani na swali la LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kupandisha nauli ya daladala kwa asilimia 10, je mapato ya daladala yatapanda, yatashuka au haijulikani mpaka tujue abiria watafanyaje? Kura ya kwanza karibu wote "yatapanda". Nikawaambia jadilianeni, na kwa Kiswahili kama mnataka, we, ukumbi ulilipuka, anayekaa mbali na mwendokasi anasema mimi sina njia nyingine nitalipa tu, wa jirani na kituo cha mwendokasi anasema mimi nahama kesho, na hapo elastisiti ya mahitaji, yaani bei ikipanda wanunuzi wanapungua kiasi gani, imeshaingia kichwani kabla sijaandika kitu ubaoni. Watoto hawa wamesoma Kiswahili msingi yote wakarukia Kiingereza sekondari, ukiwalazimisha kubishana kwa Kiingereza wanaongea walewale watatu wa mbele. Hili la lugha semina haikuligusa kabisa, mwezeshaji alikuwa wa kuletwa, labda ndo maana.

Baada ya hapo cheti, picha ya pamoja, na grupu la WhatsApp ambalo sa hivi ni la rambirambi na happy birthday.

Kilichobaki hai ni kikundi cha Alhamisi. Wachache wetu wa idara tofauti tunakutana mara moja kwa mwezi, chumba cha semina, kila mtu chai yake na maandazi yake, hakuna posho hata shilingi. Sheria yetu ni moja, usije mikono mitupu: leta swali la UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ambalo darasa zima limeanguka, au skripti, yaani karatasi ya majibu, ya mwanafunzi (jina limefunikwa), au video yako ya dakika tano. Tunaingia pia kwenye vipindi vya wenzetu na kukaa nyuma kabisa na wanafunzi, huko utajua kama mwandiko wako unasomeka. Idea si yetu, Miami University ya Ohio wana vikundi vya hivi tangu 1979, na jirani zetu wa vyuo vikuu vya Dodoma na Mzumbe, pamoja na vyuo viwili vya Uganda, waliingia kwenye mradi ulioitwa TESCEA kuanzia 2018 kufanya kazi hii hii ya kubadili ufundishaji.

Kikundi kina faida gani? Semina inakuwashia moto halafu unarudi kwenye mitihani na usimamizi wa risechi, wiki mbili umeshasahau. Kikundi kinakuuliza mwezi ujao, ulijaribu? ikawaje?

Semina naipa nyota 3 kati ya 5, zote za siku ya pili na lile swali la kura. Kikundi nakipa 4 na nusu. Nusu nimekata kwa sababu wa pati taimu hawawezi kuja, wako barabarani kati ya chuo na chuo, na maprofesa hawaji kwa sababu kupanda cheo kunahesabu pepa ulizochapisha, ukae na Dokta wa uhasibu kutengeneza swali la mtihani liwe swali kweli, hakuna fomu hata moja yenye kisanduku cha kujaza hilo.