Wamenikata dhamana kwa pancha ambayo haipo: boti ya kujaza upepo ya kukodi kwenye mto wa chemchemi

Naandika hasira zikiwa zimepungua, si zimeisha. Wiki kadhaa zimepita tangu nikodi kayaki ya kujaza upepo, ya watu wawili, kwa ajili ya kushuka mto wa chemchemi ndani ya hifadhi, na nikilikumbuka lile neno "pancha" bado damu inachemka. Kampuni siitaji. Urefu, uzito na rangi ya boti mtavikuta kwenye tangazo lao. Mimi nina jambo moja: boti haikutoboka. Ilipoa. Na mtu anayekodisha boti kwenye maji ya chemchemi bila kujua tofauti ya hayo mawili hafai kushika pesa za dhamana za watu.

Boti ilikabidhiwa ikiwa imeshajazwa, imelala juani kwenye changarawe tangu asubuhi, ukiigonga inalia kama ngoma. Dakika ishirini majini, tyubu za ubavuni zikawa laini, boti ikabonyea katikati, pua na mkia vikainuka, na kila kasia likipigwa pua inakimbilia upande. Kwenye kurudisha, kijana wa mapokezi akabonyeza ubavu kwa kidole gumba. Hakuinama, hakutafuta tundu. "Bosi, hii mmekwaruza kwenye mwamba. Pancha hiyo, dhamana hairudi." Nikaomba maji ya sabuni tupime. Akanijibu sabuni iko chooni.

Haya, tupige hesabu ambayo yeye hakutaka kuipiga. Upepo uliofungiwa ukipoa, presha inashuka. Geji, yaani kipimo cha presha, inasoma tu ile ziada ya ndani juu ya hewa ya nje, kwa hiyo kabla ya hesabu unaongeza 14.7 psi (pauni kwa inchi ya mraba) za hewa ya nje (usawa wa bahari), na nyuzi za Selsiasi unaziongezea 273. Tyubu iliyojazwa 2.5 psi ikiwa na joto la nyuzi 40 ina jumla ya 17.2. Itie kwenye maji ya nyuzi 22: 17.2 mara 295, gawanya kwa 313, unapata 16.2. Toa 14.7. Geji itasoma 1.5. Karibu asilimia 40 ya presha ya geji imeondoka na hakuna tundu hata la ncha ya sindano. Mtoni haishuki yote hiyo, kwa sababu mgongo wa tyubu bado unapigwa na jua na kitambaa nacho hunywea kidogo, lakini hata ikiishia 1.8 mpiga kasia ataisikia kiunoni.

Kijana akaja na hoja ambayo alidhani imenimaliza: kama ni baridi, mbona sakafu bado ngumu? Swali zuri, nakiri, na ningemheshimu kama angesubiri jibu. Sakafu ya boti hizi imeunganishwa juu na chini kwa maelfu ya nyuzi za ndani, ndiyo maana inajazwa hadi 8 psi bila kuvimba kama puto. Kwa hesabu ileile, 8 inashuka hadi 6.7. Sakafu imepoteza 1.3, tyubu imepoteza 1.0. Hasara zinakaribiana, ila aliyekuwa na nane amebaki na karibu saba, na aliyekuwa na mbili na nusu amebaki na moja na nusu. Kidole gumba kinamsikia wa pili tu.

Halafu kuna ushahidi ambao haukuhitaji hesabu wala geji. Tyubu ya kushoto na ya kulia ni vyumba viwili tofauti, kila kimoja na vali yake, upepo hauvuki. Zote mbili zililegea sawasawa. Pancha gani hiyo inayotoboa kushoto na kulia kwa mizani?

Niseme kwa nini balaa hili ni la mito ya chemchemi hasa, maana kwenye bwawa la kawaida boti ileile ingeweza isilalamike kabisa. Maji ya bwawa yameota jua siku nzima, joto lake linakaribia la hewa. Maji ya chemchemi yametoka ardhini, na chini huko joto halibadiliki sana, linakaa karibu na wastani wa mwaka mzima wa eneo husika. Chemchemi za Florida kule Marekani, kwa mfano Ichetucknee, hutoa maji ya nyuzi 22 hivi kiangazi na kipupwe. Ndiyo sababu nguva wa Florida hukimbilia kwenye chemchemi msimu wa baridi: bahari imepoa kuliko maji ya ardhini. Kiangazi mambo yanageuka, hewa ni tanuri na mto ni ubaridi uleule, na boti iliyojazwa juani inaingia kwenye tofauti ya nyuzi kumi na nane kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo kampuni ambayo kazi yake yote iko kwenye mto wa namna hii ilipaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote.

Kazi yenyewe si ngumu. Boti inajazwa kivulini mpaka ishike umbo, robo tatu ya presha inatosha. Inashushwa majini ikiwa tupu, imefungwa kamba, inaachwa dakika kumi huku mgongo wa tyubu ukimwagiwa maji. Ndipo inaongezewa upepo mpaka presha iliyoandikwa karibu na vali, wala usizidishe "kwa usalama". Kwa pampu ya mkono inayosukuma kwenda na kurudi, ukifika sakafu, mizunguko ya mwisho igeuze isukume upande mmoja tu, la sivyo utaishia kuning'inia kwenye mpini. Na geji iliyo kwenye mpira wa pampu itasoma sifuri kwa muda mrefu kabla sindano haijaanza kucheza. Wengi hudhani imekufa. Haijakufa, presha bado haijajengeka.

Vali nayo ina hila zake. Hizi za kubonyeza, aina wanayoiita Halkey-Roberts, zina kipini katikati. Kipini kikiwa juu imefungwa. Ukikibonyeza na kukizungusha kinabaki chini, na upepo wote unatoka ukichomoa mpira wa pampu. Kosa la kila siku ni kujaza boti kipini kikiwa chini, unachomoa mpira na dakika kumi za jasho zinatoka kwa mlio mmoja. Kosa la pili ni mchanga. Punje moja ikikaa chini ya kizibo cha mpira, vali inavuja polepole, na inafanana na pancha kwa kila hali. Dawa: kipini kikiwa safi na tyubu ina upepo kidogo, kibonyeze harakaharaka mara tatu au nne, upepo utaipuliza punje itoke. Kisha funga kifuniko cha nje, maana hicho nacho kina kiduara chake cha mpira kinachozuia upepo. Boti niliyopewa, kifuniko kimoja hakikuwepo kabisa. Kimoja tu, kwa hiyo hakielezi tyubu mbili, ila kinaeleza mengi kuhusu wenye boti.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaotisha zaidi, na ndio unaonifanya niwaonee huruma hata hao wateja wengine. Boti iliyoongezewa vizuri majini, 2.5 psi kwa nyuzi 22, ukiivuta ukingoni na kuiacha juani mpaka upepo wa ndani ufike nyuzi 50, inasoma 4.1. Sakafu ya 8 inapita 10. Hapo maungio yanaweza kuanza kuachia, kwanza kwenye pembe za pua na kuzunguka vali, gundi inalainika na joto huku presha inavuta. Boti ikitolewa majini, bonyeza kipini upunguze upepo, hata kama unapumzika nusu saa tu. Pale kwao nilihesabu boti saba juani, zimejaa, zimefungwa. Baadaye atakuja mtu asiye na kosa, zitamfungukia mtoni, na ataambiwa amekwaruza mwamba.

Sasa nisiwe mchoyo. Boti kama boti ni nzuri. Ikipewa upepo wake inakwenda kwa mstari, kiti kinashika mgongo, na kitambaa chake kimevumilia mawe mengi kabla yangu. Nikiipima yenyewe, nyota nne. Ningetoa ya tano kama si pezi.

Walifunga pezi refu la chini, lile la maji ya wazi. Mto wa chemchemi una nyasi za majini zinazosimama kama nywele hadi karibu na uso wa maji, na pezi refu linazikusanya kama reki. Unapiga kasia kwa nguvu zote na boti haisogei, unadhani mkondo umegeuka. Hapo inatakiwa pezi fupi, la sentimita saba au nane. Ukikwama, piga makasia mawili matatu kinyumenyume, nyasi zinateleza zenyewe. Usiruke majini kuzing'oa. Mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga na tope lisipande, ukisimama juu yake unazing'oa na maji yanachafuka mpaka chini, ndiyo maana hifadhi nyingi zinakataza kukanyaga. Hili nalo hakuna aliyelitamka wakati wa kukabidhi. Kijana alikuwa na simu.

Wala hakuna aliyesema kuhusu kina. Maji maangavu yanadanganya: ukiangalia kutoka juu moja kwa moja, kina kinaonekana kama robo tatu tu ya kilivyo, na ukiangalia kwa mshazari kinaonekana kifupi hata kuliko hapo. Mahali panapoonekana pa mita moja na nusu ni mita mbili, mtu wa kawaida hasimami. Jaketi la kuokolea maisha linavaliwa, halikaliwi. Na kwa wanaodhani maji yanayoonyesha kokoto ni mwaliko wa kuogelea popote: chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, maji ya mvua ya vilima vya Chyulu yaliyochujwa na miamba ya volkano, yanang'aa kama kioo, na ndani yake kuna viboko na mamba. Huko watu huangalia wakiwa kwenye chumba cha kioo.

Kwa atakayekutana na kidole gumba kama nilichokutana nacho, dai kipimo palepale kabla hujasaini chochote. Boti ijazwe kivulini mpaka presha yake, isubiri robo saa upepo wa pampu upoe, iongezewe. Paka maji ya sabuni kwa sponji, anza na vali katikati, kisha duara la vali linapoungana na kitambaa, kisha maungio, mwisho kitambaa chenyewe. Pancha ya kweli inatoa povu mahali pamoja, mfululizo, na ukilifuta linarudi palepale. Povu likizunguka vali, mara nyingi vali imelegea tu, inakazwa kwa spana yake ya plastiki. Na kama tundu lipo kweli, bado si msiba: kiraka cha duara, kinachopita tundu sentimita tano kila upande, pande zote mbili zifutwe kwa spiriti, gundi nyembamba ya boti za PVC mara mbili, isubiriwe mpaka ishike kidole bila kuchafua, kisha ikandamizwe kuanzia katikati kwenda nje. Saa ishirini na nne bila kujazwa. Hiyo ni kazi ya kiraka kimoja, si dhamana nzima ya boti.

Basi nilikuwa nimekata shauri la nyota mbili: boti nzuri, watu wasiojua kazi. Kutojua si dhambi, mtu anafundishwa. Nikafika mpaka kufikiri nipandishe ziwe tatu, kwa sababu mto wenyewe ni wa kurudiwa.

Halafu wakati naandika haya ujumbe wao ukaingia. Wamepitia suala langu, na kwa nia njema wako tayari kurudisha nusu ya dhamana. Nusu! Boti ama ina tundu ama haina, hakuna nusu pancha. Nyota moja, na hiyo ni ya boti. Nimewajibu kwa swali dogo: tundu liko tyubu ipi, ya kushoto au ya kulia? Ujumbe umesomwa. Jibu bado.