Mimea ya Bustani ya Mawe Tabora: Ipi Inunuliwe Kwanza

Maua ya milimani yanayouzwa kwa mbegu kutoka Ulaya, kama vile gentiana na saksifraga, nayaweka mwisho kabisa kwa mnunuzi wa Tabora, hata picha ya kwenye pakiti iwe inavutia namna gani. Katika milima ya Alps mimea hiyo hulala chini ya theluji kwa miezi, na mbegu zake nyingi hazioti mpaka zipitiwe na baridi ya wiki kadhaa, ilhali usiku wetu wa Juni na Julai haukaribii nyuzi sifuri.

Nafasi ya kwanza ni ya waridi la jangwani, mmea wa asili ya Afrika Mashariki, ambao huchanua wakati wa kiangazi, mara nyingi ukiwa hauna jani hata moja. Chagua mche uliooteshwa kwa mbegu, kwa kuwa uliotokana na tawi kwa kawaida haunenepi vizuri shinani, na unene huo ndio ghala la maji linaloufikisha mpaka mvua za Novemba. Kabla ya kulipa, bonyeza shina kwa kidole gumba pale linapoingia udongoni: likiwa gumu kama kiazi kibichi, chukua; likibonyea, limeoza ndani. Niliwahi kununua mche wenye majani mazuri mwezi Februari bila kuubonyeza, ukiwa katika kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) kilichojaa udongo wa mbuga, ule mzito unaoshika maji, na baada ya wiki mbili ulianguka wenyewe. Utomvu wake ni sumu iliyopakwa kwenye mishale, hivyo mwenye watoto au mbuzi aupande wasipofika.

Shubiri inafuata kwa karibu. Tafuta yenye machipukizi pembeni, maana kiriba kimoja kitakupa miche mitatu au minne, na maua yake mekundu huwaita ndege aina ya chozi. Taji la miiba, lenye asili ya Madagaska, ni la tatu: huchanua karibu mwaka mzima, ila miiba yake haifai kando ya njia.

Fedha ya kokoto na mchanga wa mto, vinavyopitisha maji ili mashina yasioze, itengwe kabla ya fedha ya miche, na miche yenyewe inunuliwe Septemba, miombo inapochipua, ili mizizi iwe imeshika kati ya mawe kabla ya mvua kubwa.