Vichaka vya maua kwa sehemu za kivuli: kipi ununue kwenye vitalu vya Dar na kipi uache

Kwenye vitalu vya kando ya Barabara ya Bagamoyo, miche inayowekwa mbele ni ile yenye rangi za kuwaka: bogenvilia, ixora, alamanda, haibiskasi. Bei zake hazitishi na miche mingi ina afya. Shida ni kwamba yote hiyo ni mimea ya jua. Mwambie muuzaji unataka cha kupanda nyuma ya nyumba ambako jua halifiki, na mara nyingi utajibiwa "hii inakubali popote". Haikubali. Bogenvilia ikikaa kivulini inabaki majani na miiba. Ixora hurefuka kutafuta mwanga, chini inakuwa vijiti vitupu, na vishada unavihesabu kwa vidole. Vya kivuli vipo humo humo kitaluni, ila vimesukumwa nyuma chini ya neti, na inabidi uviulizie.

Kabla ya kutoa hela, kijue kivuli chako. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hukaa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, halafu linahamia kusini hadi mwanzoni mwa Machi tena. Mwezi Juni, ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha kama mita 1.7 upande wake wa kusini saa sita mchana. Desemba sehemu hiyo hiyo inapigwa na jua kali. Mtu anayechagua miche Julai kwa kuangalia kivuli cha siku hiyo atashangaa majani yanaungua wakati wa joto. Kipimo chepesi: mchana, nyoosha mkono juu ya udongo. Ukiona kivuli hafifu cha vidole, mwanga unatosha kwa kichaka kuchanua. Usipoona kitu kabisa, nunua mimea ya majani, usipoteze hela kwa maua.

Chaguo la kwanza, bila kusita, ni Pachystachys lutea, ule wenye mishumaa ya njano. Unafika kama mita 1. Hiyo njano si ua lenyewe bali ni majani yanayolizunguka, ndiyo maana inadumu wiki kadhaa. Maua halisi ni meupe, hutokeza pembeni na kudondoka baada ya siku chache. Unapenda jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu, au mwanga mzuri usio na jua kali. Mishumaa ikigeuka kahawia, kata theluthi moja ya kila tawi, juu kidogo ya pingili yenye majani mawili. Usipokata unalala na kuwa mtupu chini. Vipande laini vya sentimita 10 hadi 15 huota mizizi kwenye mchanga wenye unyevu, kwa hiyo nunua miche michache tu, mingine utazalisha mwenyewe. Udhaifu wake ni kiu. Chini ya mwembe, mizizi ya mti inamaliza maji kabla yake na majani yanalegea kufikia mchana. Pia kagua vidung'ata, wadudu weupe kama pamba, kwenye makwapa ya majani.

Kwa chini ya miti afadhali Thunbergia erecta, kichaka cha Afrika Magharibi chenye maua ya zambarau na koo la njano. Ni mgumu zaidi, unafika mita 1.5 hadi 2 na unafaa hata kwa wigo wa kuzunguka nyumba. Kivulini unachanua kwa kiasi, lakini hauachi. Ila usiunyoe mara kwa mara: maua yako kwenye machipukizi mapya, na kila ukiyakata unayakata na maua.

Brunfelsia ndiyo inayowavutia wengi, kwa haki kabisa. Ua linafunguka zambarau, linapauka, kisha linakuwa jeupe, kwa hiyo kichaka kimoja kina rangi tatu kwa wakati mmoja, na baadhi ya aina zinanukia. Lakini hukua polepole na hutaka udongo wenye uchachu. Maeneo ya matumbawe kama Msasani, au karibu na msingi wenye mabaki ya saruji, majani huwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni kukosa madini ya chuma. Watu huongeza samadi ya kuku wa mayai, na hali inazidi, maana mara nyingi samadi hiyo ina chokaa, inayopunguza uchachu. Panda angalau sentimita 60 kutoka ukutani, tumia mboji ya majani, na nyunyizia majani mbolea yenye chuma. Na kama una mbwa, acha kabisa: mmea huu ni sumu kwao, hasa mbegu.

Murraya, wenye maua meupe yanayonukia baada ya mvua, unavumilia kivuli cha nusu siku. Usiupande karibu na mlimao au mchungwa, kwa sababu hufuga mdudu anayeeneza ugonjwa wa kijani wa michungwa. Haidrenja zinazoletwa mjini ni za kuangalia tu. Lushoto na Njombe kuna baridi ya kuzitosha. Dar joto la usiku linazichosha.

Ukishachagua aina, kagua mche. Geuza kiriba, yaani mfuko wa mche: mizizi minene ikiwa imetoka chini na kujizungusha, mche umekaa sana. Angalia umbali kati ya majani. Ukiwa mrefu na shina limelegea, umelelewa gizani. Chukua mfupi wenye matawi matatu au zaidi, hata kama hauna ua siku hiyo.

Huduma ya kupandiwa nyumbani ndiyo inayohitaji kusimamiwa zaidi. Shimo huchimbwa dogo na shina hufukiwa kupita kiasi, kisha linaoza. Dai upana wa sentimita 50 na kina cha 40, sehemu mbili za udongo wa juu kwa moja ya samadi iliyooza. Kiriba kichanwe chote, na udongo uishie usawa ule ule uliokuwa kwenye kiriba. Mwagia lita 10 siku ya kwanza, halafu lita 5 kila baada ya siku mbili au tatu kwa miezi miwili. Ingiza kidole kwanza: kivulini udongo haukauki haraka, na majani ya chini yakiwa njano na udongo ungali na maji, mizizi inaoza, punguza maji. Mbolea ya urea usiweke, italeta majani tu. Kijiko kimoja cha chakula cha mbolea ya NPK 17:17:17 kila miezi mitatu, mbali kidogo na shina, kinatosha.