Vitabu vitatu vya anga za juu, kimoja tu ndicho kilichochakaa

Binti yangu ana miaka sita. Tangu aseme akikua atakuwa mwanaanga, nimemnunulia vitabu vitatu vya picha kuhusu safari za anga za juu, na kwa miezi minne tumevisoma karibu kila usiku kabla ya kulala. Viwili bado vinang'aa kama siku nilipovinunua. Cha tatu kimelegea mgongo na kona zake zimepinda.

Nianze na kile kinachopendeza macho kuliko vyote, maana nilikichukua kwa ajili ya jalada tu, sitaficha. Mtoto anatazama nyota dirishani, anatamani kufika huko, anafumba macho. Ukifunua ukurasa, huyo, yuko Mwezini na suti yake. Binti yangu akauliza, "Mama, kafikaje?" Nikarudi nyuma nikidhani kurasa mbili zimegandana. Wapi! Kitabu chote ndicho hicho: kutamani, halafu kufika. Tena mbingu ya Mwezini wameipaka buluu, ilhali kule hakuna hewa ya kutawanya mwanga wa Jua, kwa hiyo mbingu ni nyeusi hata mchana. Utaniambia ni hadithi ya watoto tu. Sawa, lakini mchoraji aliyehangaika na kila kifungo cha suti angepungukiwa nini kwa kuchovya brashi kwenye rangi nyeusi?

Cha pili ni cha maarifa, kimejaa maandishi. Majina ya sayari yamemshinda mhariri: ukurasa mmoja Zohali, mwingine Saturn, kana kwamba ni sayari mbili. (Kwenye sayari ya Zuhura tulicheka sana, ndilo jina la shangazi yake.) Kinasema pia wanaanga huelea kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa sababu huko hakuna nguvu ya uvutano. Si kweli. Kituo kiko kama kilomita 400 juu yetu, na uvutano wa Dunia pale bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na kituo wanaanguka pamoja bila kukoma, ila wanakwenda kasi mno kiasi kwamba wanaizunguka Dunia badala ya kuigonga. Nilipomweleza binti yangu hivyo alifurahi kuliko alivyofurahia kitabu.

Kilichoniudhi zaidi ni picha ya Dunia na Mwezi vikiwa vimekaa bega kwa bega. Usiku ule tuliacha kusoma. Tukachukua mpira wa miguu kuwa Dunia na mpira wa tenisi kuwa Mwezi, nikamwambia aupeleke Mwezi mahali pake. Akauweka hatua moja. Nikamwambia sogea. Akasogea, akasogea, akatoka chumbani hadi kwenye ujia, maana kati ya Dunia na Mwezi zinaenea Dunia kama 30 zikipangwa mstari. Kwa mpira wetu ni zaidi ya mita sita. "Kumbe ni mbali hivi!" Kitabu chenye picha moja ya namna hiyo ningekilipia mara mbili.

Sasa kile kilichochakaa. Michoro yake ni ya kawaida, rangi zimefifia kidogo, na mwanzo wake unachosha. Lakini kinasimulia watu wa kweli tangu wakiwa wadogo, na hakiruki yaliyokuwa katikati. Mae Jemison, Mmarekani aliyekuja kuwa mwanaanga, anamwambia mwalimu wake wa chekechea kwamba anataka kuwa mwanasayansi, mwalimu anamuuliza kama hakukusudia kusema muuguzi. Kisha kurasa nyingi za shule na udaktari, maombi yaliyocheleweshwa na ajali ya chombo cha anga za juu Challenger na kupelekwa upya, ndipo inafika Septemba 1992 anaporuka.

Valentina Tereshkova wa Muungano wa Kisovieti anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na muda wake wa ziada anaruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege. Mwanzoni nilidhani mwavuli ni pambo la hadithi. Kumbe warukaji wa Vostok, vyombo vya anga za juu vya nchi yake, walitoka chomboni kabla ya kutua na kushuka kwa miavuli, hivyo mchezo wake ule ulikuwa sehemu ya sababu za kuchaguliwa kwenda angani mwaka 1963. Binti yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kuogelea nako kunahesabiwa. Nikamwambia kunahesabiwa, na si uongo, kwani wanaanga hufanyia mazoezi ndani ya bwawa wakiwa na suti zao.

Ukurasa anaouomba kila usiku, hata hivyo, hauna mwali wa roketi wala bendera. Ni wa Michael Collins, Julai 1969: Armstrong na Aldrin wako chini Mwezini, yeye yuko peke yake anauzunguka, na kila akipita upande wa nyuma redio inakatika. Mchoraji ameacha karibu ukurasa mzima mweusi, na kidirisha kimoja chenye mwanga.

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa analinda chombo cha kuwarudisha wenzake."

Wiki iliyopita ukurasa huo uling'oka. Nimeubandika kwa selotepu, na sasa kitabu hakifungi vizuri.