Nimeiaga Nikon D500 yangu: kamera gani sasa kwa michezo na wanyama pori?

Hebu iangalie hii picha kwanza. Maji yametulia, tawi lipo, mwanga wa asubuhi mtamu kabisa, afu pale pembeni juu kulia, ukikodoa macho, unaona mkia. Huo ni mkia wa mdiria. Nimekaa pale saa mbili na nusu, goti kwenye tope, ndege kakaa tawini anatazama maji, mi namtazama yeye, akaruka nikabonyeza, nikapata mkia. Ninazo picha za hivi nyingi tu, ningeweza kufungua maonyesho ya mikia.

Na sio kosa la kamera, niseme kabisa. Mtu ukiona kitu kimetokea mpaka kidole chako kibonyeze inapita kama sekunde 0.2. Mkimbiaji wa mita 100 anayekwenda mita 10 kwa sekunde, ndani ya hio sekunde 0.2 keshasogea mita 2, ndege ndo usiseme. Kwahiyo mwaka huu nikaamua basi, D500 yangu ambayo nimekaa nayo miaka na miaka niiachie, nitafute kitu kipya kitakachonisaidia pale ambapo kidole changu kinachelewa. Nimeshika kamera tatu, Canon R7, Nikon Z8 na OM-1 Mark II ya OM System, kwa wiki kadhaa, mbili za kuazima na moja ya kukodi, hakuna kampuni iliyoniletea kitu wala kunilipa, na leo nawaambia nilichokiona.

Ila kabla ya hapo, D500 msiidharau jamani. Ilitangazwa Januari 2016, megapikseli 20.9, fremu (yaani picha) 10 kwa sekunde, pointi 153 za fokasi (za kulenga kitu kionekane wazi), na mpaka leo ukimpa mtu anayejua atakuletea picha utanyamaza. Ukiipata mkononi mwa mtu aliyeitunza na hela yako ni ndogo, chukua, afu kinachobaki weka kwenye lenzi. Hio habari ya lenzi ntairudia baadae kwasababu ndo kitu watu wengi hawataki kukisikia.

Sasa. Mtu akitaka kamera ya michezo anafungua ukurasa wa kwanza anatafuta fremu ngapi kwa sekunde. Hii 15, hii 20, hii 40, haya Sony a9 III inapiga 120, basi anaona ndo yenyewe. Mi nawaambia hio namba peke yake haikusaidii kitu. Fremu 40 ambazo 31 hazina fokasi ni kazi ya kufuta tu nyumbani. Swali la kujiuliza ni kati ya fremu ya kwanza na ya arobaini kamera inafanya nini: inamfuata yule yule uliyemchagua, au inahamia kwa refa?

Hilo la refa sio utani. Kamera za mirolesi, zile zisizo na kioo ndani, za siku hizi zinatafuta uso na jicho zenyewe, na kwa mnyama aliyesimama peke yake uwanda wazi ni raha tupu, unakaa unashangaa tu kiboksi kimeganda kwenye jicho la swala. Lakini peleka kwenye mpira, kona inapigwa, watu kumi na nne kwenye boksi, wote wana nyuso. Kamera inampenda mwenye uso mkubwa na wazi zaidi, na mara nyingi huyo sio mwenye mpira. Kamera moja kati ya hizi, siitaji maana inawezekana mipangilio niliiharibu mwenyewe, ilining'ang'ania beki kipindi kizima cha kwanza. Beki hajagusa mpira! Nina picha zake mia mbili na kitu, angekuwa ndugu yangu ningemtengenezea albamu. Dawa yake ni kuacha kutumia eneo zima la fokasi, weka eneo dogo la katikati, mchague mtu wewe, afu ndo uiache kamera imfuate. Na kwenye menyu kuna sehemu ya kuiambia ikawie kiasi gani kabla ya kuhama mtu akikatiza mbele, kwa mpira mi naweka ikawie zaidi, kwa ndege anayetokea ghafla naweka ishtuke haraka.

Kipimo changu cha ndege ni mbayuwayu. Tai anayeelea juu kila kamera inamuweza, hata simu nzuri itajaribu, lakini mbayuwayu akipita chini chini juu ya maji na nyuma yake kuna majani, hapo ndo utajua. Canon R7 ilimshika haraka kuliko nilivyotarajia ila nyuma pakiwa na fujo ya matawi ilikuwa inamuachia. Nikon Z8 ilikawia kidogo kumuona akiwa mdogo kwenye fremu ila ikishamshika imemshika, na kumbuka Z8 ilipotoka Mei 2023 haikuwa na sehemu maalumu ya ndege, ililetwa na programu mpya Februari 2024, kwahiyo ukinunua ya mkononi kitu cha kwanza angalia toleo la programu iliyomo. OM-1 Mark II ilikuwa katikati ya hao wawili.

Tuje kwenye kitu ambacho kwenye boksi hakiandikwi na mi naona ndo kinachotenganisha kamera hizi kuliko vyote, kasi ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kusomwa. Ukitumia shata (kinachoruhusu mwanga wa picha kwa muda mfupi) ya kielektroniki, ile isiyo na sauti, sensa nyingi haisomi picha yote kwa mara moja, inasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Sasa kama kitu kinakwenda mbio, mstari wa juu umemkuta hapa na mstari wa chini umemkuta pale. Ndo unaona fimbo ya gofu imepinda kama ndizi, mpira umekuwa yai, bawa la ndege limekunjwa upande ambao Mungu hakulikunja. R7 inachukua kama 1/30 ya sekunde kumaliza kusoma sensa nzima, Z8 inakaribia 1/270. Hio tofauti ni kubwa sana, na ndo maana zile fremu 30 kwa sekunde za R7 ni za kielektroniki na kwa mchezo wa kasi mi sizitumii, narudi kwenye shata ya kimakanika inayopiga 15, ambazo hata hivyo 15 ni nyingi tu. Z8 yenyewe haina hata shata ya kimakanika, wameitoa kabisa, sensa ina kasi kiasi kwamba hawakuona haja. Na a9 III ndo imemaliza huo mjadala maana inasoma sensa yote kwa pamoja, hakuna cha kupinda, ingawa ISO (jinsi kamera inavyoongeza mwanga wa picha) yake ya chini kabisa ya kawaida ni 250 na bei yake, eeh, tuendelee.

Ila taa za LED za uwanjani usiku zinaweza kukuwekea mistari mistari kwenye picha ukitumia shata ya kielektroniki, hata ikiwa ya kasi. Kwa macho huoni kitu, taa zinawaka na kuzima haraka mno. Z8 ina sehemu ya kurekebisha shata kwa hatua ndogo ndogo mpaka mistari ipotee, inabidi ufanye kabla mechi haijaanza, sio goli limeshafungwa ndo unahangaika na menyu.

Turudi kwa mdiria wangu. Kitu kilichonifanya nitoke kwenye D500 hasa hasa ni hiki: kamera kupiga kabla hujabonyeza. Unashikilia kitufe nusu, kamera inarekodi na kufuta, inarekodi na kufuta, ukimalizia kubonyeza inakupa na zile za nyuma. Yaani ile sekunde 0.2 yangu iliyopotea inarudishwa. OM-1 Mark II hapa ndo bingwa kwa maoni yangu, inakupa RAW (faili ghafi) kamili na unaweza kwenda fremu 50 kwa sekunde huku fokasi ikifuatilia, kwa baadhi ya lenzi zake lakini. Z8 inakupa mpaka sekunde 1 ya nyuma ila JPEG tu (picha iliyokwisha kubanwa), na hili linaniudhi mpaka kesho, kamera ya daraja hili unaninyima RAW kwanini? R7 inakupa nusu sekunde na RAW imo, ila inazifunga zote kwenye faili moja kubwa, ukitaka picha yako uikamue humo, na ile sensa ya polepole inarudi kukusumbua.

Asubuhi ya pili nilivyorudi kwenye lile tawi na OM-1 nilipata mdiria ametanua mabawa, kidole cha mguu kimoja bado kimegusa tawi. Hii hapa. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kwahiyo kwanini sikuichukua? Michezo. Nusu ya picha zangu ni mechi za jioni, na sensa ya OM-1 eneo lake ni kama robo ya fulu fremu (sensa kubwa ya saizi ya filamu ya 35mm). Mchana huoni shida, lenzi yake ya 300mm f/4 inakupa pembe ile ile ya 600mm kwenye fulu fremu na mzigo wote unauning'iniza begani unasahau kama upo, bodi na betri yake ni gramu 599. Jua likizama ISO inapanda na chenga (punje punje) zinaanza kujaa kwenye jezi za giza. Programu za kusafisha chenga zipo na zinafanya maajabu, ila mtu anayesubiri picha ndani ya dakika kumi baada ya kipenga cha mwisho hatakusubiri usafishe. Kama wewe ni wa ndege na wanyama tu na unatembea sana kwa miguu, mi ningekwambia chukua hio, funga video.

Haya lenzi. Hapa ndo tunagombanaga. Mtu ana bajeti, anaimaliza yote kwenye bodi afu anabakiwa na lenzi ya 55-200 iliyokuja na kamera ya zamani, anakwenda kupiga chui aliye mita 80, analeta doa. Bodi itapitwa miaka minne mitano ijayo, lenzi nzuri utakaa nayo mpaka uchoke. Kwa wanyama na ndege anzia 500mm kwenda juu, kwa mpira ukiwa pembeni ya uwanja 70-200 inakuhudumia ukiwa karibu na goli, 300 au 400 kwa upande wa pili. Nikon ana 180-600 f/5.6-6.3, Sony ana 200-600 ya tangu 2019 ambayo bado ni tamu, Canon ana 100-500 na ile 200-800 inayofika mbali mno ila mwisho wake ni f/9 (namba ya f ikikua mwanga unapungua), kwahiyo uombe jua. Na ndugu yangu elewa hizo zumu ni za mchana. Kati ya f/6.3 na f/2.8 mwanga unaoingia unatofautiana kama mara 5, yaani mwenzako mwenye 400 f/2.8 anapiga kwa ISO 2500 wewe uko 12800 mmesimama sehemu moja. Zile f/2.8 kubwa bei zake tunazijua, kodi kwa siku ya mechi kubwa, sio lazima uimiliki.

Afu kuna hii ya kropu, watu wanasema R7 inageuza 500 kuwa 800. Haigeuzi. Sensa ni ndogo, inakukatia pembeni, lenzi ni ile ile 500. Faida yake ni kwamba kwenye kile kipande umebaki na megapikseli 32.5 zote, wakati Z8 yenye 45.7 ukiikata kwa saizi ya DX (sensa ndogo kama ya D500) unabaki na kama 19. Kwa ndege mdogo wa mbali R7 inakupa manyoya zaidi, hilo sibishi, na kwa bei yake hakuna inayoigusa. Ila mchana wa joto ukiwa mbali mvuke unaopanda kutoka ardhini unalainisha kila kitu, hakuna megapikseli wala lenzi inayotibu hilo, amka mapema au sogea.

Nilichochukua mimi ni Z8 na 180-600. Uzito wake kwa pamoja unapita kilo 3, kwahiyo monopodi (mguu mmoja wa kushikilia kamera) ni lazima, siku ya kwanza nilijifanya mwanaume nikashika mkononi mechi nzima, kesho yake kuinua kikombe ilikuwa shughuli. Betri inakwisha haraka, beba tatu. Nunua na kadi ya CFexpress ya kueleweka, maana ukiweka SD peke yake bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) ikijaa kamera inakaa inafikiria wakati penati inapigwa. Kama unapiga michezo tu wala huna habari na ndege, iangalie Z6III, megapikseli 24.5, sensa yake sio ya kasi kama ya Z8 ila kwa mpira inatosha, na hela inayobaki unajua pa kuipeleka.

Na kasi ya shata msiweke 1/500 ya sekunde kwenye mpira tafadhali, mguu unaopiga ni wa kasi kuliko mwili, anza 1/1000, ukiweza 1/1600. Ndege anayeruka 1/2500 na kuendelea, ISO ipande tu. Chenga zinasafishika, picha iliyovuta kwa mwendo haisafishiki.

Wiki ijayo nampeleka Z8 kwa keremkerem, wapo wengi wanatoboa mashimo kwenye kingo ya mto, nione ile JPEG ya sekunde 1 itanifikisha wapi. Nikirudi na mikia tena ntaiweka hapa hapa mcheke.