FOIA ya Marekani: sheria tamu, dirisha chungu

Mhafidhina wa Marekani ana kilio cha miaka mingi: serikali ya Washington imejipa madaraka ambayo katiba haikuipa, na wanaoyatumia wanafanya mambo yao gizani. Kilio hicho kina dirisha lake rasmi. Linaitwa FOIA, sheria ya uhuru wa habari, na kazi yake ni rahisi kuieleza. Unaandika ombi, unataja nyaraka unazozitaka, na idara husika inabanwa na sheria izitafute ikupe, au ikutajie kifungu kinachoiruhusu kukunyima. Kuwasilisha ombi ni bure. Uraia hauulizwi, aliyeko Mombasa au Muscat anaomba kama anavyoomba mkulima wa Iowa. Hapo Wamarekani wametupita, maana sheria za Kenya na Tanzania za kupata taarifa, zote za mwaka 2016, zinampa haki hiyo raia peke yake.

Kwa maandishi ya sheria, nyota tano. Kwa huduma ya dirishani, nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu ya mahakama.

Wengi wanadhani FOIA ni chombo cha chama kimoja. Aliyeipigania tangu 1955 ni John Moss, mbunge wa Democrat kutoka California, na Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 4 Julai 1966. Miongoni mwa waliomuunga mkono Moss alikuwamo mbunge kijana wa Republican kutoka Illinois, Donald Rumsfeld. Mwaka 1974 Bunge likaiongezea meno baada ya kashfa ya Watergate, Rais Gerald Ford akaikataa kwa kura ya turufu, na Bunge likampuuza. Mkuu wa watumishi wa Ikulu ya Ford wakati huo alikuwa nani? Rumsfeld huyo huyo. Kiti hubadilisha macho. Hata Antonin Scalia, kipenzi cha wahafidhina, aliishambulia sheria hii kwa makala kali mwaka 1982, kabla hajawa jaji wa Mahakama ya Juu.

Kabla ya kuandika, jua inafika wapi. Inabana idara za serikali kuu: FBI, IRS inayokusanya kodi, EPA ya mazingira, ATF ya silaha na nyinginezo. Haigusi Bunge, haigusi mahakama, haigusi washauri wa karibu wa Rais. Kwa hiyo anayewinda rushwa ya seneta amebisha mlango usio wake. Vipande vya dhahabu vilivyomwangusha Seneta Bob Menendez, akahukumiwa kifungo cha miaka 11 Januari 2025, vilipatikana kwa upekuzi wa FBI nyumbani kwake. Kwa wabunge dirisha ni jingine: sheria ya STOCK ya 2012 inawataka watangaze ununuzi na uuzaji wa hisa ndani ya siku 45, kwa viwango vya jumla kama dola 1,001 hadi 15,000. Faini ya kuchelewa ni dola 200. Kwa mtu aliyeuza hisa za laki kadhaa, hiyo ni hela ya chai.

Tukirudi FOIA, usianze kwa kuandika ombi. Anza na maktaba ya mtandaoni ya idara yenyewe. Tangu marekebisho ya 2016, nyaraka zilizoombwa mara tatu au zaidi zinatakiwa kuwekwa wazi kwa kila mtu, na FBI ina ukurasa wake mzima uitwao Vault. Kuna watu wanaosubiri mwaka kwa faili linaloweza kupakuliwa kwa dakika tano.

Pili, usidanganywe na tovuti ya FOIA.gov. Inaonekana kama kaunta moja kumbe inapeleka tu ombi lako, au kukuelekeza, kwa idara uliyoichagua. Kila idara ina ofisi yake, na idara kubwa zina ofisi ndani ya ofisi: Wizara ya Sheria peke yake ina FBI, ATF na vitengo vingine vinavyopokea maombi kila kimoja kivyake. Ukikosea mlango ndani ya idara ile ile, ofisi uliyoiandikia ina hadi siku 10 za kazi za kulihamisha ombi kabla muda wa kujibu haujaanza kuhesabiwa. Yaani umepoteza wiki mbili hivi hivi.

Maombi mengi hufia kwenye maneno yenyewe. Tuchukue mkasa ambao wahafidhina hawajausahau. Mei 2013 Lois Lerner, mkuu wa kitengo cha IRS cha mashirika yasiyotozwa kodi, alikiri na kuomba radhi kwamba maombi ya kusamehewa kodi ya vikundi vya mrengo wa kulia yalikuwa yakichujwa kwa majina yao, kama Tea Party na Patriot. Sasa linganisha maombi mawili (kwa idara yataandikwa kwa Kiingereza, bila shaka). La kwanza: "Naomba nyaraka zote zinazoonyesha IRS ilivyowaonea wahafidhina." La pili: "Naomba barua pepe zilizotumwa au kupokelewa na mkuu wa kitengo cha mashirika yasiyotozwa kodi, kuanzia 1 Machi 2010 hadi 31 Mei 2012, zenye neno tea party, patriot au 9/12. Msijumuishe nakala za magazeti."

La kwanza litakataliwa au litazungushwa. Kuonewa ni hukumu, si hati. Karani hana neno la kuchapa kwenye kisanduku cha kutafutia. FOIA hailazimishi idara kujibu maswali wala kutunga hati ambayo haikuwepo. La pili lina mtu, tarehe, maneno na aina ya hati, na limeondoa takataka zinazojaza kurasa. Ombi dogo pia huwekwa kwenye foleni ya mambo mepesi. Ombi pana huangukia foleni ya mambo mazito, na huko ndiko watu wanakozeekea.

Mkasa huo una funzo la pili. Diski ya kompyuta ya Lerner iliharibika mwaka 2011, na Machi 2014 tepu 422 za akiba zilifutwa ingawa kulikuwa na amri ya kuzihifadhi. Kwa hiyo omba mapema, na sema kwenye ombi lenyewe kwamba wazihifadhi nyaraka hizo, pamoja na nakala za akiba. Haki isemwe pia: Wizara ya Sheria ilifunga uchunguzi 2015 bila kumshtaki mtu, na mwaka 2017, mwaka ule ule serikali ilipoviomba radhi vikundi hivyo mahakamani, mkaguzi alikuta kwamba maneno ya mrengo wa kushoto kama Progressive na Occupy nayo yaliwahi kutumika kuchuja.

Ada ziko za aina tatu. Mfanyabiashara hulipia kutafuta, kukagua na kunakili. Mwandishi wa habari, chuo au taasisi ya utafiti isiyo ya biashara hulipia kunakili tu, na kurasa 100 za kwanza ni bure. Mtu mwingine yeyote hupewa bure saa mbili za kutafuta na kurasa 100. Andika wazi uko kundi gani, kisha weka kikomo: "niko tayari kulipa hadi dola 25, zaidi ya hapo niulizeni kwanza." Usipoweka kikomo, idara inaweza kusimamisha kazi ili ikuulize habari ya pesa, na wewe utadhani bado wanatafuta. Faida ndogo ya mteja ni kwamba idara ikipitisha muda kwa kawaida hupoteza haki ya kukutoza ada ya kutafuta.

Muda wenyewe ni siku 20 za kazi, zinazoweza kuongezwa 10 kukiwa na sababu maalumu. Kiutendaji, mara nyingi unachopata ndani ya muda huo ni barua ya kukiri kupokea na namba ya kufuatilia. Itunze hiyo namba kama kitambulisho. Miezi ikipita inaweza kuja barua ya upole ikiuliza kama bado unazitaka nyaraka. Usipojibu, faili linafungwa. Wizara ya Sheria imeagiza mwombaji apewe angalau siku 30 za kazi kujibu, lakini barua hiyo ikiingia kwenye kapu la taka la barua pepe yako, habari imekwisha.

Sasa nyaraka zimefika, unafungua faili. Ukurasa wa kwanza una tarehe, "Kwa:", "Kutoka:", kisha boksi jeusi kutoka juu hadi chini, na pembeni alama ndogo (b)(5). Sababu za kunyima ziko tisa na ndizo hizo namba. Ya 1 ni siri za usalama wa taifa, ya 4 ni siri za biashara, ya 6 ni faragha ya mtu, ya 7 ni uchunguzi wa polisi. Ya 9, kwa wenye kupenda vichekesho vya sheria, ni ramani za visima. Ya 5 ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote, kwa sababu inafunika mashauriano ya ndani kabla ya uamuzi, na karibu barua pepe yoyote ya ofisini inaweza kuitwa mashauriano. Dawa yake ni mbili: kinga hiyo ya mashauriano haifuniki nyaraka zilizotimiza miaka 25, na mambo ya hakika yaliyo ndani ya waraka yanatakiwa kutenganishwa na maoni na kutolewa. Ukiona ukurasa mzima mweusi, hoja ya rufaa ni hiyo.

Mfano mkubwa ni maombi ambayo FBI iliyapeleka mahakamani ili iruhusiwe kumpeleleza Carter Page, aliyekuwa mshauri wa kampeni ya Trump. Julai 2018 yalitolewa kwa njia ya FOIA, kurasa 412, nyingi zikiwa zimepakwa wino mweusi. Picha kamili ilikuja Desemba 2019, pale mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria, Michael Horowitz, alipoorodhesha makosa makubwa 17 katika maombi hayo. Mwanasheria wa FBI, Kevin Clinesmith, baadaye alikiri kubadilisha barua pepe. FOIA ilifungua mlango ila aliyewasha taa ndani ni mkaguzi. Anayeitegemea peke yake atabaki akisoma wino.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba serikali inajipekua yenyewe. Mwaka 2012 iligundulika kwamba Lisa Jackson, mkuu wa EPA, alikuwa na anwani ya pili ya barua pepe ya kazini yenye jina Richard Windsor. Anayetafuta "Jackson" hamkuti Windsor. Mwaka 2024 kamati ndogo ya Bunge ilitoa barua pepe za taasisi za afya ambamo jina la shirika la utafiti wa virusi la EcoHealth liliandikwa Ec~Health. Alama moja tu imewekwa mahali pa herufi, na kompyuta haioni kitu. David Morens, mshauri wa Anthony Fauci, daktari aliyeongoza taasisi ya magonjwa ya kuambukiza, aliandika kwamba alifundishwa na mtu wa FOIA wa huko huko kazini namna ya kuzifanya barua zipotee. Kwa hiyo kwenye ombi lako taja "anwani zote anazotumia ofisa huyu kwa kazi za serikali, ziwe za jina lake, za jina jingine au za binafsi," na usitegemee neno moja la kutafutia. Taja na jina la mtu wa upande wa pili wa mawasiliano, taja na namba ya mkataba. Kutia alama katikati ya jina ni rahisi. Kubadilisha namba ya mkataba kwenye kila waraka ni kazi.

Ukinyimwa, una angalau siku 90 za kukata rufaa ndani ya idara. Rufaa ni bure na ukurasa mmoja unatosha: namba ya ombi, kifungu wanachodai, kwa nini hakifai, na kwamba utafutaji haukutosha. OGIS, ofisi ya usuluhishi iliyo chini ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, husaidia kuulizia lakini haina fimbo. Fimbo iko mahakama ya wilaya ya serikali kuu, na kiingilio ni dola 405 kabla ya wakili. Kuna mtego hapa: siku 20 zikipita kimya unaweza kushtaki moja kwa moja bila rufaa, lakini idara ikijibu kabla hujashtaki, unarudi nyuma ukakate rufaa kwanza. Mashirika kama Judicial Watch ya wahafidhina, iliyoanzishwa 1994, hushtaki mapema kwa sababu hiyo. American Oversight ya upande wa pili, iliyozaliwa 2017, hutumia mbinu hiyo hiyo dhidi ya Trump. Hata ukishinda, FBI huachia kurasa takribani 500 kwa mwezi. Faili la kurasa 6,000 ni mwaka mzima.

Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani wanaijua FOIA kwa jambo lililo mbali na siasa: faili la uhamiaji, lile la namba inayoanza na A. Huombwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, na mwenye kesi mbele ya jaji wa uhamiaji aambatanishe hati ya kuitwa mahakamani ili aingie foleni ya tatu, iliyo ya haraka. Kwa aliyepitia kambi ya wakimbizi, kinachokwamisha mara nyingi ni jina. Karani wa kambini aliandika Hamisi, wa uwanja wa ndege akaandika Khamis, na tarehe ya kuzaliwa ikawekwa 1 Januari kwa sababu hakuna aliyeijua. Andika namna zote za jina na tarehe zote zilizowahi kutumika, pamoja na jina la mama, hata kama unajua moja tu ndiyo sahihi.