Ziwa Rutundu, Mlima Kenya: kwa wapenda kasia na ndoano

Wengi hulijua Ziwa Rutundu kwa habari za Prince William na Kate Middleton, waliochumbiana huku Mlima Kenya Oktoba 2010. Mimi nalipenda kwa ajili ya samaki wake. Nimekulia Homa Bay kwenye ngege na mbuta, samaki wa Ziwa Victoria, na huku juu, mita zipatazo 3,100, nimekuta uvuvi wa namna nyingine kabisa.

Tulipandia upande wa Timau. Kipande cha mwisho kinataka gari la milimani hasa, na mvua ikinyesha hata hilo hukwama. Tuliyemkodi alituletea gari lenye matairi yaliyoisha, tukasukuma mpaka jasho likatutoka kwenye baridi ile. Kagueni matairi kabla ya kutoa hata shilingi.

Ziwa lenyewe ni dogo, lakini kupiga kasia hapa kunataka adabu. Hewa ni nyepesi. Ukienda kwa pupa pumzi inakata kabla hujafika katikati. Piga taratibu, kisha acha upepo usukume boti huku mshipi uko majini. Na jaketi la kuelea livaliwe hata na anayejua kuogelea, maana maji haya ni baridi ya kukaza misuli.

Samaki wenyewe ni trauti, wapenda maji baridi. Si wenyeji wa nchi hii, walowezi ndio walioanza kuwaleta mwaka 1905. Tuliwavua kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyopambwa ifanane na mdudu. Kenya Bug, yule mweusi, ndiye aliyewapata, hasa jioni upepo ulipotulia. Mzee aliyekuwa nasi botini aliniambia, "Mwanangu, akigusa usikurupuke. Mwache ageuke, ndipo uinue." Nikamtii. Akatoka trauti mwenye mstari wa waridi ubavuni na madoa meusi hadi kwenye mkia. Chumvi, limau, siagi kidogo kwenye kikaango, basi! Nyama ile ni laini, haitaki viungo vingi.

Mnalala kwenye vibanda vya magogo, mnaota moto. Bebeni chakula chenu na nguo nzito, na alfajiri msishuke ziwani bila mwenyeji, kwa sababu nyati wapo. Usiku mmoja hautoshi, siku ya kwanza mwili bado unazoea mwinuko. Mwenye miguu ataongeza Ziwa Alice, lililo juu zaidi.

Mimi narudi Februari, barabara ikiwa kavu, na safari hii nakuja na wanangu.